Kupima aseniki ya kiwango kidogo majini kwa mkusanyiko wa nanoelektrodi za dhahabu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchambuzi wa maabara ambaye tayari ameizoea voltametria (kupima mkondo wa umeme huku volteji ikibadilishwa) ya elektrodi za kawaida, ana potenshiostati, yaani kifaa cha kudhibiti volteji hiyo, inayopima mkondo wa nanoampea bila kuyumba, na sasa anataka kupima viwango ambavyo elektrodi yake ya dhahabu ya kipenyo cha milimita 3 haivioni. Dutu niliyoichagua kuwa mfano ni aseniki iliyomo kwenye maji ya kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na katika maeneo ya machimbo ya dhahabu upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, hasa Geita na Mara, ambako miamba inayobeba dhahabu hubeba pia madini ya aseniki na salfa, watafiti wamekuta vyanzo vya maji vinavyovuka kikomo hicho. Aseniki ikiwa majini haina rangi, harufu wala ladha, kwa hiyo hakuna namna ya kuijua ila kuipima.

Jambo moja litangulie, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Mkusanyiko wa nanoelektrodi, yaani visahani vidogo mno vya dhahabu vilivyomo katika vitundu vya utando wa plastiki, hauikuzi ishara ya dutu unayoitafuta. Kazi yake ni kupunguza mkondo usiotakiwa unaoifunika ishara hiyo, kama mtu anayezima redio ili amsikie anayenong'ona. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini elektrodi hii haisuguliwi kamwe, kwa nini uvujaji wa kimiminika pembeni mwa dhahabu ni hatari kuliko vitundu vichache kubaki vitupu, na kwa nini ukiipa sampuli nzito inatoa jibu la uongo.

Kinachotokea kwenye uso wa elektrodi

Mkusanyiko huu ni utando wa polikabonati wenye vitundu vyembamba vilivyojazwa dhahabu, kiasi kwamba usoni pake huonekana visahani vya dhahabu vya kipenyo cha nanomita 30, vilivyotapakaa bila mpangilio ndani ya plastiki isiyopitisha umeme. Vinod Menon na Charles R. Martin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha njia ya kuutengeneza mwaka 1995, na baadaye kundi la Paolo Ugo la Chuo Kikuu cha Ca' Foscari mjini Venice liliiendeleza kwa uchambuzi wa dutu zilizo kidogo mno, aseniki ikiwemo.

Chukua utando wenye vitundu milioni 600 katika kila sentimita mraba. Ukijumlisha maeneo ya visahani vyote unapata takriban 0.0042 ya eneo la utando, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Umbali wa wastani kutoka kisahani kimoja hadi jirani yake ni nanomita 400 hivi. Sasa, ndani ya sekunde moja tu, tabaka la usambaaji, maana yake sehemu ya kimiminika ambayo molekuli zake zimeshaanza kupungua kwa kuvutwa na elektrodi, huwa limefikia unene wa mikromita 50 na zaidi, ambao ni mara mia moja na kitu ya umbali huo. Kwa hiyo matabaka ya visahani vyote huungana yakawa tabaka moja, na molekuli huletwa kwenye elektrodi kana kwamba uso mzima ungekuwa dhahabu. Mkondo wa kuchaji, ule unaotokana na ayoni kujipanga na kujipangua kwenye uso wa metali kila volteji inapobadilika, haupati faida hiyo. Wenyewe hutoka kwenye dhahabu iliyopo kweli, basi.

Tuliweke hilo kwa tarakimu. Chukua elektrodi yenye dirisha la kipenyo cha milimita 3, ambalo eneo lake ni sentimita mraba 0.07, iliyotumbukizwa katika ferosenimethanoli (dutu ya majaribio inayotoa elektroni kwa wepesi) ya mikromoli 10 kwa lita na kupimwa kwa mwendo wa volti 0.1 kwa sekunde. Kilele cha mkondo kinachotarajiwa ni mikroampea 0.16 hivi, iwe ni sahani nzima ya dhahabu au ni mkusanyiko wa nanoelektrodi. Mkondo wa kuchaji kwenye sahani nzima, ukikadiria kapasitansi (uwezo wa uso kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 20 kwa sentimita mraba, ni mikroampea 0.14, karibu sawa na kilele chenyewe, wakati kwenye mkusanyiko ni nanoampea 0.6 tu. Uwiano wa ishara kwa usuli, yaani kwa mkondo usiotakiwa, umepanda zaidi ya mara 200, na haukupanda kwa sababu kilele kimekua.

Faida hii ina bei yake. Kwa kuwa molekuli zinazoletwa na eneo lote zinapaswa kubadilishana elektroni kwenye sehemu ndogo ya eneo hilo, kasi ya mmenyuko inayoonekana hupungua kwa kiasi kilekile ambacho dhahabu imepungua: kasi halisi huzidishwa kwa 0.0042. Mmenyuko unaoonekana mwepesi kwenye elektrodi ya kawaida unaweza kuonekana mzito hapa. Ndiyo maana ferisianidi, dutu nyingine ya majaribio ambayo wengi huitumia kwa mazoea kukagulia elektrodi, haifai kwa kazi hii. Vilele vyake vitaachana sana, nawe utadhani elektrodi imeharibika ilhali ni nzima.

Kuujaza utando dhahabu

Nunua tando za polikabonati za kuchujia ambazo vitundu vyake vilitobolewa kwa ayoni nzito na kukuzwa kwa alkali, zenye vitundu vya nanomita 30 na unene wa mikromita 6 hadi 10. Ulizia zilizopakwa polivinilipirolidoni, kwa sababu zisizopakwa hukataa kulowana na dhahabu haiingii ndani. Kazi yote ya kujaza hufanyika kwa kemikali bila umeme, katika mabafu matatu yanayofuatana.

Anza kwa kuloweka utando katika methanoli kwa saa mbili. Kisha uhamishie katika bafu la kloridi ya bati, moli 0.026 kwa lita, pamoja na asidi trifluoroasetiki, moli 0.07 kwa lita, vikiwa katika mchanganyiko wa nusu methanoli na nusu maji, uuache kwa dakika 45 ili ayoni za bati zishike kwenye kuta za vitundu. Suuza kwa methanoli mara mbili. Bafu la pili ni nitrati ya fedha iliyotiwa amonia, moli 0.029 kwa lita, kwa dakika tano hadi kumi. Bati hutoa elektroni zake, fedha hushuka kwenye kuta ikiwa chembechembe, na utando hubadilika rangi kuwa wa kahawia. Suuza tena kwa methanoli, kisha kwa maji. Bafu la tatu ni la dhahabu yenyewe: salfiti ya dhahabu na sodiamu, milimoli 7.9 kwa lita, salfiti ya sodiamu, moli 0.127 kwa lita, na formaldehaidi, moli 0.625 kwa lita, pH ikiwa imerekebishwa kuwa 10. Bafu hili liwe kwenye barafu, karibu na nyuzi 0 za selsiasi, kwa saa 24. Dhahabu huanza kwa kuichukulia fedha nafasi yake, kisha huendelea kujijenga juu ya dhahabu iliyotangulia kwa elektroni zinazotoka kwenye formaldehaidi.

Baridi hiyo ina sababu. Bafu likiwa na joto, dhahabu hujijenga haraka kwenye midomo ya vitundu na kuiziba kabla ya kufika katikati, ukaishia kuwa na utando unaong'aa pande zote mbili huku ndani una uwazi. Baada ya saa 24, suuza kwa maji mengi, loweka katika asidi nitriki ya asilimia 25 kwa saa 12 ili kuondoa mabaki ya bati na fedha, suuza tena, na uanike hewani.

Tahadhari mbili za usalama hazina mjadala. Formaldehaidi na methanoli zishughulikiwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke, glavu zikiwa mkononi. Na nitrati ya fedha iliyotiwa amonia isihifadhiwe hata kwa usiku mmoja, kwa maana ikikaa hutengeneza misombo ya fedha inayolipuka kwa kuguswa tu. Iliyobaki itiwe asidi hidrokloriki siku hiyohiyo, fedha ishuke chini ikiwa kloridi, ndipo iwekwe kwenye chupa ya taka za metali.

Kuiunda elektrodi

Kata kipande cha utando cha kama sentimita moja kwa moja. Upande mmoja ubandike kwenye tepu ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme. Huo ndio utakuwa mguso wa waya. Upande wa pili una ngozi ya dhahabu inayofunika visahani, na ngozi hiyo lazima itoke. Bandika selotepu ya kawaida juu yake, ikandamize kwa kidole taratibu, kisha uivute polepole ukiilaza karibu na uso badala ya kuinyanyua wima. Dhahabu hung'oka pamoja na selotepu, na chini yake hubaki uso wa plastiki uliotulia, wenye rangi hafifu ya zambarau au waridi. Ukiona mabaka ya njano yanayong'aa, rudia kwa selotepu mpya, kwa sababu baka moja la milimita moja lina dhahabu nyingi kuliko visahani vyote vya dirisha lako vikijumlishwa.

Sasa weka elektrodi katika oveni ya maabara kwa nyuzi 150 za selsiasi kwa dakika 15. Kwenye joto hilo polikabonati huanza kulegea, na ikipoa huwa imebana kila uzi wa dhahabu pande zote. Hatua hii ikirukwa, kimiminika hupenya kati ya dhahabu na plastiki, kuta za nyuzi zote huanza kuchaji, na ule utulivu wa usuli ambao ndio mtaji wetu hutoweka. Malizia kwa kufunika pande zote mbili kwa tepu ya kuhami umeme, ile ya mbele ikiwa imetobolewa tundu la duara la milimita 3. Hakikisha tepu ya shaba haionekani popote, hata kwenye kingo.

Elektrodi hii haisuguliwi kwa unga wa alumina, haioshwi kwa asetoni wala dikloromethani, na haichovywi katika mchanganyiko wa asidi salfuriki na peroksidi ya hidrojeni kama wanavyofanyiwa ndugu zake wakubwa. Kusugua hukwangua plastiki na kuikunja dhahabu. Asetoni na dikloromethani huiyeyusha au kuivimbisha polikabonati. Usafishaji wake ni maji, asidi nyepesi na volteji.

Ukaguzi kabla ya kuigusa aseniki

Pima kwanza katika elektroliti tupu (kimiminika kinachopitisha umeme, kisicho na dutu ya kupimwa), kwa mfano nitrati ya potasiamu, moli 0.1 kwa lita, iliyoondolewa oksijeni, kisha ongeza ferosenimethanoli hadi mikromoli 10 kwa lita. Weka seli, yaani chombo cha kupimia, ndani ya kizimba cha Faraday, kasha la metali linalozuia mawimbi ya umeme ya nje, hata kama ni sanduku la bati lililounganishwa na ardhi, kwa sababu kwenye mikondo ya ukubwa huu taa ya dari na chaja ya simu zote huandika majina yao kwenye grafu.

Katika elektroliti tupu, umbali kati ya mstari wa kwenda na wa kurudi uwe wa nanoampea chache. Ukizidi hapo sana, au ukiona mistari imeinama kama mteremko, kuna uvujaji, na hakuna dawa yake zaidi ya kuirudisha elektrodi kwenye oveni mara moja. Ikishindikana, tengeneza nyingine. Baada ya kuongeza ferosenimethanoli, utegemee grafu yenye vilele viwili vilivyoachana kwa milivolti 60 hadi 70, si umbo la herufi S. Umbo la S lina maana kwamba visahani vilivyo hai ni vichache na viko mbalimbali, kila kimoja kikijitegemea, yaani vitundu vingi havikujaa. Vilele vikiachana kwa milivolti 100 na zaidi, uso umechafuka au visahani vilivyofikiwa ni pungufu. Kilele kilichokaribia mikroampea 0.16, kwenye usuli wa nanoampea chache, ndicho kibali cha kuendelea.

Kuchota na kuandaa maji

Vyombo vyote vilowekwe usiku kucha katika asidi nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Maji ya kisima yachujwe palepale kisimani kwa kichujio cha mikromita 0.45, kwa sababu chuma kilichomo kikishaoksidika hushuka kama kutu na kuondoka na aseniki, kisha yatiwe asidi hidrokloriki hadi pH ishuke chini ya 2. Isiwe asidi nitriki, iliyozoeleka kwa metali nyingine, maana inaweza kuioksidisha aseniki ya hali ya tatu (iliyopoteza elektroni tatu) ikawa ya hali ya tano (iliyopoteza tano), na njia hii huiona ya tatu pekee. Tunza chupa gizani kwenye jokofu na upime mapema uwezavyo.

Ikiwa unataka jumla ya aseniki, ya tano lazima irudishwe kuwa ya tatu kwanza. Vitabu vingi hupendekeza sisteini, asidi amino yenye salfa, na kwa njia nyingine za upimaji inafaa, lakini mimi siishauri hapa: salfa yake hushikamana na dhahabu kwa nguvu, na visahani vyako vyote vitafunikwa kabla kipimo hakijaanza. Tumia salfiti ya sodiamu katika asidi hidrokloriki, pasha sampuli hadi nyuzi 80 hivi kwa nusu saa, kisha pitisha naitrojeni hadi gesi ya salfa (dioksidi ya salfa) iishe yote, kazi hiyo ikifanyika ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Gesi hiyo ikibaki, nayo huichafua dhahabu. Siku zote ifanyie hatua hii pia sampuli tupu, isiyotiwa aseniki, na sampuli uliyoitia aseniki ya hali ya tano kwa makusudi, ili ujue ni sehemu gani imerudi.

Suluhisho sanifu la kununua, yaani la aseniki ya kiasi kinachojulikana, likaguliwe lebo yake kwa makini, kwa kuwa mengi ya miligramu 1000 kwa lita yanayouzwa kwa ajili ya mashine za spektroskopia ni ya aseniki ya hali ya tano katika asidi nitriki, nayo hayatatoa kilele chochote. Unahitaji ya hali ya tatu. Asidi hidrokloriki nayo iwe ya daraja la uchambuzi wa metali kidogo. Ile ya kawaida mara nyingi huja na aseniki yake mwenyewe. Elektroliti yetu ni moli 0.1 kwa lita, ambayo hupatikana kwa kumimina mililita 8.3 za asidi ya asilimia 37 kwenye maji na kujaza hadi lita moja.

Kwa nini sampuli ichanganywe na maji zaidi

Hapa ndipo watu waliotoka kwenye elektrodi kubwa hukosea, kwa sababu mazoea huwaambia kwamba kukusanya kwa muda mrefu ni kupata ishara kubwa. Katika voltametria ya kuvua, aseniki hukusanywa kwanza kwenye dhahabu kwa volteji hasi, kisha huvuliwa kwa kuipandisha volteji, na kilele cha kuvuliwa ndicho kinachopimwa. Dirisha letu la milimita 3 lina dhahabu halisi ya sentimita mraba 0.0003, ambayo usoni ina nafasi za atomi zipatazo bilioni 420. Sampuli ya mikrogramu 10 kwa lita, ikikorogwa vizuri kwa sekunde 180, inaweza kuleta kwenye eneo hilo atomi za aseniki kama trilioni 5, zaidi ya mara kumi ya nafasi zilizopo. Tabaka la kwanza likijaa, linalofuata hujengwa juu ya aseniki, ambayo si kipitishi kizuri cha umeme. Kilele hupanuka, hugawanyika mara mbili, na mstari wa urekebishaji, unaolinganisha kilele na kiasi cha aseniki, hupinda. Atakayesoma kilele hicho kwa mstari ulionyooka ataripoti maji yenye sumu kuwa salama.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kukaa chini ya nusu ya tabaka moja. Kwa mikrogramu 1 kwa lita na sekunde 60 za kukusanya unafika kama asilimia 40 ya nafasi, na hapo ndipo mahali pazuri pa kuishia. Pima mililita 5 za maji ya kisima, ujaze hadi mililita 50 kwa elektroliti ya asidi. Kisima kilichopo kwenye kikomo cha mikrogramu 10 kitakuwa na mikrogramu 1 ndani ya seli, na kilicho juu zaidi kitakuonesha mapema kwamba kinahitaji kuongezewa maji tena. Faida ya pili ni kwamba shaba, chumvi na mabaki ya majani yaliyooza, vyote vimepunguzwa mara kumi.

Kipimo chenyewe

Weka mililita 20 katika seli yenye elektrodi tatu: mkusanyiko wa nanoelektrodi, waya wa platinamu, na elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha, ambayo volteji zote zifuatazo zinasomwa kwayo. Pitisha naitrojeni kwa dakika 10, kisha inua bomba lake liwe juu ya kimiminika. Washa kikorogeo cha sumaku kwa mwendo ambao hutaubadilisha hadi mwisho wa kazi, na ushikilie volti −0.3 kwa sekunde 60. Zima kikorogeo, subiri sekunde 10 maji yatulie, kisha pandisha volteji hadi +0.4 kwa mwendo wa volti 0.1 kwa sekunde. Kilele cha aseniki hutokea jirani na +0.1, ingawa mahali pake hasa hutegemea asidi na elektrodi rejea, hivyo kithibitishe kwa suluhisho sanifu. Baada ya hapo shikilia +0.4 kwa sekunde 30 huku ukikoroga, ili mabaki yatoke.

Mipaka hiyo miwili ya volteji haikuwekwa kwa kubahatisha. Ukishuka mbali chini ya −0.3, hidrojeni huanza kutoka, viputo hufunika visahani, na sehemu ya aseniki inaweza kuondoka ikiwa gesi ya asini, ambayo ni sumu kali. Ukipanda juu mno ndani ya kloridi, dhahabu yenyewe huanza kuyeyuka. Elektrodi kubwa huvumilia kupoteza nanomita chache, lakini kisahani cha nanomita 30 kikiyeyuka huzama ndani ya kitundu chake na kuwa kisima, na molekuli hazikifikii tena kama mwanzo. Mimi sivuki +0.5 katika asidi hidrokloriki.

Anza kwa upandishaji wa mstari kama nilivyoeleza, kwa sababu usuli unaonekana wazi na kasoro hazijifichi. Ukishaiamini elektrodi, unaweza kuhamia wimbi la mraba, ambapo volteji hupanda kwa mapigo ya kwenda na kurudi, ili kushusha kikomo zaidi, lakini chagua masafa ya chini, hezi 15 hadi 25, kwa kuwa mmenyuko wa elektroni tatu kwenye dhahabu iliyopunguzwa kiasi hiki hauwezi kufuata masafa makubwa.

Rudia sampuli tupu hadi vipimo vitatu vifuatane bila tofauti ya maana, ndipo uweke sampuli. Kisha fanya nyongeza sanifu, yaani ongeza kiasi kinachojulikana cha aseniki, ndani ya seli ileile: mikrolita 10 za suluhisho la miligramu 1 kwa lita huongeza mikrogramu 0.5 kwa lita katika mililita 20. Ongeza mara mbili, na kila hatua uipime mara tatu. Tuseme sampuli imetoa kilele cha nanoampea 42 baada ya kuondoa sampuli tupu, nyongeza ya kwanza imetoa 78, ya pili 114. Mteremko ni nanoampea 72 kwa kila mikrogramu kwa lita, na 42 ikigawanywa kwa 72 ni 0.58. Zidisha kwa kumi, nawe unapata mikrogramu 5.8 kwa lita kisimani. Hatua ya pili ikiwa fupi kuliko ya kwanza, nafasi zimeanza kujaa. Usichore mstari kwa nguvu kupitia nukta hizo, bali punguza muda wa kukusanya hadi sekunde 30 na uanze upya. Kikomo cha ugunduzi, yaani kiwango cha chini kabisa kinachoonekana, kikokotoe kwa kuzidisha mara tatu mchepuko sanifu wa sampuli tupu na kugawanya kwa mteremko wako mwenyewe, si kwa kunakili kilichoandikwa na maabara nyingine.

Shaba na zebaki

Shaba ndiyo mgomvi mkuu. Hukusanyika kwa volteji ileile, huvuliwa upande chanya zaidi ya aseniki, na zikiwa pamoja kwenye dhahabu hutengeneza misombo ya metali inayopunguza kilele cha aseniki. Nyongeza sanifu hurekebisha sehemu kubwa ya kosa hilo endapo shaba haijazidi sana. Ikiwa kilele chake kimekimeza cha aseniki, ongeza maji zaidi au tenganisha shaba kwa resini ya kubadilisha ayoni kabla ya kupima.

Zebaki ni tatizo la namna nyingine, na kwenye visima vilivyo karibu na wachimbaji wadogo wanaokamatia dhahabu kwa zebaki lisidharauliwe. Ikifika kwenye visahani huchanganyika na dhahabu na haitoki yote kwa +0.4, na kila kipimo kinachofuata huwa kinafanyika kwenye elektrodi nyingine kabisa. Kwa sampuli za maeneo hayo, tenga elektrodi maalumu, na baada ya kila sampuli rudia nyongeza moja ya aseniki katika elektroliti safi. Mteremko ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10, itupe.

Kuitunza na kutupa taka

Baada ya kazi, pitisha elektrodi katika elektroliti safi kati ya −0.2 na +0.4 hadi grafu zifuatane, suuza kwa maji yaliyoondolewa ayoni na uihifadhi ikiwa kavu ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kabla ya matumizi mengine rudia ukaguzi wa ferosenimethanoli, ukilinganisha na grafu ya siku ya kwanza uliyoihifadhi. Utando mmoja wa milimita 47 hutoa vipande zaidi ya kumi, kwa hiyo hakuna sababu ya kung'ang'ania elektrodi iliyoanza kuvuja. Mabaki ya seli na masuluhisho sanifu ya aseniki yasimwagwe kwenye sinki hata yakiwa yamechanganywa na maji mengi. Yakusanywe kwenye chupa yenye lebo ya aseniki na asidi, mbali na chupa ya bafu la dhahabu, kwa sababu salfiti iliyomo humo ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa papo hapo.